Mlango wa Nyumba ya Tumbaku

Nilipaswa kurudisha kikombe. Mtoto aliyekalishwa kwenye mkeka ili arithi jina la marehemu ana haki ya kukataa, na kukataa kwenyewe ni kazi ndogo. Hasemi neno, hatoi sababu. Anarudisha kikombe cha maji bila kunywa, na wazee wanamtafuta mwingine. Nililijua hilo. Nkambo, nyanya yangu mzaa mama, aliniambia asubuhi ileile akinipaka mafuta kichwani: "Kama moyo unakataa, unirudishie kikombe. Hakuna mutu atakucheka." Nilikunywa mpaka tone la mwisho. Nilikuwa na kisasi, na kisasi cha mtoto hakina nguvu mpaka apewe mdomo wa mtu mkubwa.

Hivi karibuni mpwa wangu alinichukua kwa pikipiki kutoka mjini Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa, hadi shamba letu, bonde la Lukuga, upande wa njia ya Niemba. Alitaka nione jinsi alivyoezeka upya nyumba mbili za tumbaku. Kabla hatujazima pikipiki harufu ilinifikia. Jani la tumbaku likiwa ndani ya joto, linapoacha ubichi na kuanza kugeuka manjano, hunuka kama asali iliyomwagikia gunia lenye maji. Mpwa wangu aliniuliza kama nimechoka na safari. Nilimwambia ndiyo, nikaketi juu ya gogo la kuni, nikaitazama nyumba ya tatu. Haina bati siku hizi. Kuta zake za matofali ya kuchoma zimesimama, nyeusi kwa ndani, na mpapai umeota katikati. Komeo la chuma bado liko mlangoni.

Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya bonde lile mnazijua nyumba hizo. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, kama vile mjenzi alisahau kusimama. Hazina madirisha, ila matundu ya hewa chini ya bati, yenye vifuniko vya kuvuta kwa waya. Zetu zilijengwa na Mzungu mmoja ambaye Babu alikuwa kapita wake, yaani msimamizi wa wafanyakazi. Mzungu alipoondoka, Babu alibaki nazo, na Babu alipokufa zikawa mkononi mwa Nkambo na mwanawe wa kiume pekee, Mjomba Mumba. Wanawake walifunga majani kwenye fito chini ya kibanda cha nyasi. Wanaume walipanda ndani, mguu mmoja kwenye mti huu na mwingine kwenye mti ule, wakipeana fito kwenda juu mpaka nyumba ikajaa majani yaliyoning'inia kama popo. Kisha mlango unafungwa, na moto unawashwa nje, kwenye kinywa cha tanuru. Joto linapita ndani kwa mabomba ya bati yaliyolala sakafuni. Moshi hauingii, moto hauingii. Kinachoingia ni joto tu.

Sisi watoto tulikuwa wa kubeba majani. Utomvu wake ulitunata mikononi mpaka vidole vikawa vyeusi, na hakuna sabuni iliyouondoa. Tulijisugua kwa nyanya mbichi. Ukisahau ukalamba kidole, uchungu ulikaa ulimini mpaka ulale. Mjomba Mumba alikuwa anatuchunguza vidole, na mwenye vyeusi kuliko wote alimbeba mabegani. Mara nyingi nilikuwa mimi. Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na nasema hivyo nikijua baba yangu alikuwa palepale, akipasua kuni.

Baba, Papa Ramazani, alitoka kwenye familia za Kiislamu za mjini, watu wa biashara ya ziwa. Alimpenda Mama, akamfuata shambani, akakubali kufanya kazi kwa wakwe. Kiswahili chake kilikuwa kama cha watu wa Kigoma, laini, akisema ndiye pale sisi tuliposema njo, na watu wa shamba walimcheka. Walimwita Mungwana. Hakuwahi kuzoea shoka. Kila alipolinyanyua, Mjomba aliacha alichokuwa anafanya ili atazame.

"Mungwana, hiyo kuni umeiomba ruhusa kwanza?"

"Nimeiomba, shemeji. Imekataa."

"Moto wa tumbaku si moto wa pilau."

"Ndiyo maana hakuna anayekula tumbaku."

Watu wakacheka. Kwetu shemeji na shemeji wanataniana, ni desturi. Mimi sikujua kwamba ni utani. Nilidhani wanachukiana na kwamba wanacheka ili kuficha.

Ila jambo moja halikuwa utani. Baba alitaka kunipeleka mjini nikae kwa ndugu zake, nisome. Mjomba alisema kwetu mtoto ni wa tumbo la mama, na mkubwa wa mtoto ni mjomba wake. Asubuhi ya siku ile walibishana mbele ya nyumba ya tatu, nami nikiwa kwenye kibanda cha wanawake nikipanga majani.

"Huyu mutoto haendi," Mjomba alisema. "Njo yeye atachunga moto nikizeeka."

"Ni mwanangu, Mumba."

"Ni wako usiku. Mchana ni wangu."

Baba hakucheka. Alisema polepole, "Siku moja utanipa tu mwanangu, upende usipende."

Neno hilo lilinikaa. Mtoto hajui kwamba watu wazima husema "siku moja" kwa sababu hawana nguvu leo. Mimi nilisikia tishio.

Jua lilipopanda, wanawake walikwenda kuosha mikono. Nilibaki peke yangu na majani. Nilimwona Mjomba akiweka shavu lake kwenye mlango wa nyumba ya tatu, kama alivyozoea kupima joto, kisha akainua komeo, akaufungua kidogo na kuingia. Hilo hufanyika. Ufito ukikatika, majani yanaangukia mabomba, na lazima mtu aingie kuyaokota kabla hayajaungua. Nilirudi kwenye kazi yangu. Baada ya muda niliona moshi ukitoka chini ya bati. Haukuwa mwingi. Baba akatokea nyuma ya nyumba, upande wa kuni, anakimbia, shoka bado mkononi. Alifika mlangoni, akalitupa shoka, akausukuma mlango kwa bega na kulishusha komeo. Akapaza sauti, "Funga! Fungeni matundu ya juu!" Akaning'inia mwenyewe kwenye waya wa vifuniko kwa uzito wake wote.

Wanaume walikuja, wakamsaidia kufunga. Walisimama wakiutazama ukuta. Ndipo mtu mmoja akauliza, "Mumba yuko wapi?"

Baba aligeuka akatazama kila uso. Sijawahi kuona mtu akitazama vile. Kisha alilirukia lile komeo kwa mikono mitupu. Mlango ulipofunguka hewa iliingia na nyumba yote ikawaka mara moja, kama mtu aliyekuwa anashikilia pumzi akaiachia. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye chuma. Mjomba walimtoa bati lilipokwisha kuanguka.

Hayo ya mwisho niliyaona kwa macho, lakini sikuyaweka moyoni. Nilichoweka moyoni ni bega la baba yangu likiusukuma mlango. Nililala nalo, nikaamka nalo. Katika siku zote za msiba nilikaa karibu na Nkambo nikimtazama Baba, aliyekuwa amefungwa matambara mikononi, na nikawa nafikiri: unajifanya. Nilifurahi alipougulia maumivu. Nilihesabu kila mlio wake kuwa malipo ya kwanza, na nilitaka mengine.

Msiba ulipokwisha, walitafuta mtu wa kurithi jina. Watu wa upande wa mama yangu huiita desturi hiyo kupyana. Aliyerithi anachukua jina la marehemu na nafasi yake kwa watu: mama wa marehemu anamwita mwanangu, dada zake wanamwita kaka, shemeji zake wanamwita shemeji, hata kama ni mtoto wa kunyonya. Watu wazima wanajua mipaka yake. Jioni anatumwa kuchota maji kama watoto wengine. Mimi sikuijua mipaka hiyo. Niliamini kwamba maji yale yakishuka kooni, Mumba anapanda.

Basi nilikunywa. Nkambo akaniuliza kama desturi inavyotaka.

"Mumba, umerudi?"

"Nimerudi."

"Umetukuta salama?"

"Nimewakuta salama."

"Uko na maneno na mutu?"

Jibu la swali hilo linajulikana. Kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka ule amejibu: sina maneno, nimelala. Swali linaulizwa ili jibu hilo litoke, watu wapige makofi, ugali uletwe. Nkambo alikwisha kuinua mikono apige.

"Niko na maneno," nilisema. "Njo yeye alifunga mlango. Alisema siku moja, na siku ikafika." Nikamnyoshea Baba kidole. Kilikuwa bado cheusi kwa utomvu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nataka mwelewe kwamba wengi pale walijua kwamba mtoto anasema upuuzi. Lakini nilikuwa nimekunywa. Maneno ya mkekani hayasahihishwi, kwa sababu nani atamwambia marehemu kwamba hajui alivyokufa? Nkambo alishusha mikono polepole na kuiweka mapajani. Nilimtazama Baba. Nilitegemea atapiga kelele, ataniita mwongo, atanipiga hata kofi mbele ya watu, na hapo wote waone sura yake.

Alinyanyuka, akaja akapiga magoti mbele ya mkeka. Hakuniita kwa jina langu la utotoni.

"Shemeji," alisema, "sikujua kama uko ndani."

Alikuwa anazungumza na Mumba. Alikuwa siku zote zile akitafuta mahali pa kumwambia neno hilo, na desturi ikamwekea Mumba mbele yake, ana macho ya mwanawe. Ningeweza kulifunga jambo lote pale kwa neno moja. Badala yake nilisikia utamu ukinipanda kifuani, kama ile harufu ya asali.

"Ulijua," nilimwambia.

Aliinamisha kichwa. Wakwe wakaamua kwamba hawezi kulala tena kwenye ardhi ile.

Jioni Mama alikuja nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha Mjomba, miguu yangu haifiki chini. Alipiga magoti. Mama yangu mzazi alinipigia magoti, akasema, "Kaka, usimufukuze bwana yangu. Nakuomba, kaka. Sema ulikosea."

"Marehemu hakosei," nilimjibu.

Alinyanyuka akaenda zake kupika, na sahani yangu aliileta mwisho, imefunikwa, kama anavyopelekewa mgeni. Hakumfuata Baba, kwa sababu angeniacha. Alibaki na mimi akaniita kaka mpaka alipokufa, na sikuweza kujua kama ilikuwa heshima au adhabu.

Baba alikaa mjini msimu mmoja, kisha akavuka ziwa kwenda Kigoma. Kutoka kule alinitumia mkoba wa shule kwa mkono wa mfanyabiashara wa samaki. Ulikuwa wa ngozi, una mshipi na kifungo cha shaba. Niliupokea kwa adabu, nikamshukuru yule mtu, nikaupeleka kwenye kinywa cha tanuru la nyumba ya pili na kuusukuma ndani kwa kijiti. Nilichuchumaa nikitazama mshipi ukijikunja kama nyoka. Watoto wenzangu waliniuliza kama nina wazimu. Niliwaambia hivyo ni vitu vya muuaji. Wakaniogopa, nami nikaipenda hofu yao. Shule nilisoma, hadi sekondari, kwa tumbaku ya Nkambo. Nilisoma kwa hasira, ili pasiwe na kitu hata kimoja nilichopata kwake.

Alirudi mara moja. Nilikuwa kijana sasa, sauti imevunjika, nimesimama kwenye tanuru natoa majivu. Nilimwona barabarani, nje ya ua wa miti. Hakuingia; alikuwa amekatazwa ardhi, na aliheshimu katazo. Alikuwa amekonda, ana kofia nyeupe. Alitoa sigara mfukoni akaishika bila kuiwasha. Viganja vyake viling'aa, ngozi ile ya kovu isiyo na mistari.

Huko kwetu mtu hanyimwi moto. Unaweza kumnyima chumvi, unaweza kumnyima mahali pa kulala. Mpita njia akiomba kaa la moto, unampa hata kama mna kesi. Ukimnyima umesema kwamba kati yako na yeye hakuna udugu tena, na neno hilo halina pa kurudia. Baba alilijua. Naamini alichagua kuomba kile ambacho hakuna anayeweza kukataa.

"Nipatie moto, mwanangu," alisema.

Nilikuwa na koleo lililojaa makaa mekundu. Nilitembea nalo mpaka kwenye ua. Nilimwacha aone, nikamwacha anyooshe sigara yake. Kisha nikayamwaga makaa chini upande wangu na kuyafunika kwa mchanga kwa mguu, kaa baada ya kaa.

"Mimi si mwanao," nilisema. "Mimi ni shemeji yako, na nilikufa mkononi mwako."

Aliirudisha sigara mfukoni. Hakukasirika, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo. "Sawa, shemeji," alisema. "Nimesikia. Baki na amani." Akageuka kuelekea mjini. Nilisimama pale kifua mbele, nikiwa nimeshinda, mpaka mgongo wake ulipopotea kwenye kona. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa siku niliyojivunia kuliko zote.

Nikawa mtunza moto kama Mjomba alivyotaka. Nilioa, nikapata wafanyakazi, nikanenepa. Nkambo alikuwa marehemu, na Mama pia. Alasiri moja ya jua kali nilikuwa nyuma ya nyumba ya kwanza natazama kuni nikaona moshi ukitoka chini ya bati. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka bega langu likiusukuma mlango, nakumbuka komeo likishuka, nakumbuka sauti yangu: "Funga! Fungeni matundu ya juu!" Kila mtunza moto anajua kwamba moto wa ndani unauawa kwa kunyimwa hewa. Mlango ukiachwa wazi, nyumba inakwenda, na inayofuata inakwenda nayo. Mjomba ndiye aliyewafundisha watu wote wa shamba lile, Baba pamoja nao. Mikono inafunga kabla kichwa hakijauliza.

Nilikuwa bado nimeegemea mlango nikapiga kelele, "Nani yuko ndani?"

Wafanyakazi walinitazama. "Hakuna mutu, Papa," mmoja alisema.

"Mjiite majina!"

"Papa, sisi sote tuko hapa."

Niliwashika mabega mmoja mmoja. Walikuwa wote. Nyumba ilipona, na majani mengi yalipona. Nikakaa chini mlangoni, shavu kwenye mbao zile za moto. Kutoka pale nilipokuwa nyuma ya kuni nisingeweza kumwona mtu akiingia mbele. Hakuna mtu angeweza. Nikageuza kichwa nikatazama kibanda cha wanawake, mahali pale pa kupangia majani, na mlango wote ulionekana wazi kutoka pale kama kiganja. Siku ile ya nyumba ya tatu, mtu mmoja tu alimwona Mumba akiingia, na alikuwa na mdomo, na hakusema kitu mpaka alipokalishwa kwenye mkeka.

Nilivuka ziwa kwa boti ya mizigo. Kigoma walinielekeza Ujiji, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Mwanamke wa makamo alitoka, na nikaona pua ya baba yangu usoni mwake. Aliniambia mzee amefariki kabla ya mvua. Alinikaribisha kwenye jamvi, akaniletea maji.

"Samahani, kaka," alisema. "Wewe ni nani kwa marehemu?"

Nilifungua mdomo. Yeye akaona tumbaku kwenye kucha zangu, uso wake ukachangamka.

"Ah. Wewe ni yule shemeji yake wa Kalemie. Mtunza moto."

"Alinitaja?"

"Sana. Alisema ukija tukupokee vizuri, una haki yako kwake." Akanisogezea maji karibu. "Tulimuuliza mara nyingi kama aliacha mtoto kule Kongo, maana alikaa kule miaka. Alisema hapana. Kule hana mtoto, ana shemeji tu."

Nilikunywa maji yale. Sikumsahihisha. Maneno ya marehemu hayasahihishwi. Alinipeleka makaburini, nikasimama nyuma ya wanawe wa kiume, mahali wanaposimama wakwe, nao wakanipa mkono kama mkwe, na jioni nikarudi bandarini.

Mpwa wangu, nilipokuwa kwenye lile gogo, alikuja na sigara akaniomba kiberiti. Nilimpa upesi mno mpaka akashangaa. Kisha aliniuliza kwa nini naitazama sana nyumba ya tatu, akasema anafikiri kuibomoa, matofali yake bado mazuri. Nilimwambia abomoe.

Nilichukua jina la Mumba ili nimlipize mtu mmoja, na nilimlipiza kikamilifu. Nilimwondoa kwenye ardhi, nikamwondoa kwa mkewe, nikamnyima moto. Mtu huyo hakuwa na hatia. Alikuwa baba yangu, alikufa akisema hana mtoto Kongo, na tangu siku niliyokunywa kikombe kile sikumwita Baba hata mara moja akanisikia.